Tuwape Vijana Hadithi za Kesi za Uchawi, Ila Tujue Kuchagua



Ndugu wasomaji, kuna vitabu ambavyo mzazi akiona jalada tu huvirudisha rafuni. Ni riwaya za kihistoria zilizoandikwa kwa ajili ya vijana, zinazosimulia kesi za uchawi za zamani huko Ulaya na Marekani. Mara nyingi jalada lina msichana, msitu na mwezi, na neno "mchawi" limeandikwa kwa herufi kubwa. Mzazi Mkristo huuliza, na ana haki ya kuuliza: kitabu cha namna hii kina kazi gani katika maktaba ya parokia, au mikononi mwa mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara?

Sisi tunaosoma falsafa hapa seminarini tunaona kina kazi kubwa. Maoni yetu ni kwamba vijana wetu wa sekondari wasome hadithi hizi, wazisome pamoja na mtu mzima wa kujadiliana naye, na sisi tunaowalea tujue kuzichagua. Kipimo tunachopendekeza ni kimoja: kitabu kizuri husimulia mashtaka, hakisimulii uchawi. Humwonyesha kijana, hatua kwa hatua, jinsi jirani asiye na hatia anavyogeuzwa kuwa mchawi kwa maneno ya watu. Kitabu kibaya humtamanisha kijana uchawi wenyewe. Tutaeleza kwa nini tofauti hiyo ina uzito, na kwa nini kwetu jambo hili si la maktaba tu.

Watoto walioulizwa swali baya

Riwaya nyingi za aina hii zinarudi Salem, katika koloni la Waingereza la Massachusetts huko Marekani ya Kaskazini. Mapema mwaka 1692, Betty Parris, mtoto wa miaka 9 wa mchungaji Samuel Parris, pamoja na ndugu yake Abigail Williams wa miaka 11, walianza kupatwa na vituko: kupiga mayowe, kujikunjakunja, kulalamika kwamba wanafinywa na kitu kisichoonekana. Ikasemekana wamerogwa. Kisha watu wazima wakawauliza swali ambalo limebomoa vijiji vingi: nani anawaroga?

Walioanza kutajwa walikuwa wanawake watatu wasio na mtetezi. Tituba alikuwa mtumwa nyumbani kwa mchungaji. Sarah Good alikuwa maskini aliyezunguka akiomba chakula. Sarah Osborne alikuwa mgonjwa, na kwa muda mrefu hakuwa ameonekana ibadani. Baada ya hapo majina yakaongezeka. Dorothy, binti wa Sarah Good, alifungwa gerezani akiwa na umri wa miaka minne au mitano hivi.

Mpaka mambo yalipotulia mwaka 1693, watu zaidi ya 150 walikuwa wameshtakiwa. Walionyongwa ni 19, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey, aliyekataa kujibu mashtaka, alilazwa chini akawekewa mawe mazito mpaka akafa. Wengine wasiopungua watano walifia gerezani.

Mahakama iliwahukumu kwa ushahidi gani? Sehemu kubwa ilikuwa ushahidi wa kivuli. Msichana alisema ameona kivuli cha mama fulani kikimkaba usiku. Mama akijitetea kwamba usiku huo alikuwa amelala kwake, na mumewe akathibitisha, utetezi huo haukusaidia kitu, kwa kuwa iliaminika mwili hulala na kivuli hutoka. Katika somo la mantiki tunafundishwa kuliogopa dai la namna hii. Dai ambalo hakuna ushahidi wowote unaoweza kulikanusha halijawa kweli kwa sababu hiyo. Limejifungia tu mlango wa kuchunguzwa.

Liko jambo jingine linalotisha zaidi. Salem, aliyekiri kuwa mchawi aliachwa hai, na aliyekana alinyongwa. Tituba alikiri, akabaki hai. Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 aliyejulikana kwa uchaji wake, alikana. Watu walioketi kuamua kesi yake walitamka kwanza kwamba hana hatia. Wasichana wakapiga mayowe mahakamani, waamuzi wakatakiwa wafikiri upya, na uamuzi ukabadilika. Akanyongwa tarehe 19 Julai 1692. Mwezi uliofuata George Burroughs, aliyewahi kuwa mchungaji, alisali Sala ya Bwana pale pale kwenye kitanzi bila kukosea hata neno, jambo ambalo watu waliamini mchawi hawezi. Naye wakamnyonga.

Kwetu Wakatoliki pia

Watu wa Salem walikuwa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali. Ingekuwa rahisi kwetu kusema hayo ni yao. Historia haituruhusu. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba kati ya karne ya 15 na ya 18 watu 40,000 hadi 60,000 waliuawa Ulaya kwa tuhuma za uchawi, katika nchi za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Kitabu kilichowafundisha mahakimu wengi namna ya kuwasaka wachawi, *Malleus Maleficarum*, kiliandikwa na Mdominikani Heinrich Kramer miaka ya 1480. Katika miji ya Ujerumani ya Würzburg na Bamberg, iliyotawaliwa na maaskofu, mamia ya watu waliuawa kuelekea mwaka 1630, na huko Würzburg watoto walikuwa miongoni mwao.

Meya wa Bamberg, Johannes Junius, alikamatwa mwaka 1628. Baada ya kuteswa aliikubali hadithi aliyotungiwa, kisha kutoka gerezani, kwa mikono iliyoumizwa, akamwandikia binti yake Veronica barua ya siri kumweleza kwamba hana hatia na kwamba yote aliyokiri ni uongo uliotokana na mateso. Barua hiyo ipo hadi leo. Mwandishi wa vijana akitafuta mahali pa kuanzia riwaya, hahitaji kubuni kitu kikubwa kuliko hicho: baba anayemwandikia mtoto wake kwa sababu hataki mtoto aamini maneno ya mji.

Lakini katika Kanisa hilo hilo walikuwapo waliosimama. Mjesuiti Friedrich Spee, padre na mtunzi wa nyimbo, alichapisha mwaka 1631 kitabu *Cautio Criminalis* bila kutaja jina lake. Alionyesha kwamba mahakama zilikuwa zimetengeneza mtego usio na pa kutokea. Mwanamke akiwa na sifa mbaya, hiyo ni dalili ya uchawi. Akiwa na sifa nzuri, wachawi ndivyo wanavyojificha. Akiogopa, dhamiri inamsuta. Asipoogopa, shetani anampa nguvu. Tena akaonyesha kwamba mateso yanaweza kumfanya mtu yeyote akiri lolote na kuwataja wenzake, nao wakiteswa watataja wengine. Mwanafalsafa Leibniz ameacha simulizi kwamba Spee alipoulizwa mbona ana mvi angali kijana, alijibu kuwa zimetokana na huzuni ya kuwasindikiza washtakiwa kwenda kuchomwa moto, ambao kati yao hakumwona hata mmoja mwenye hatia. Spee alifariki mwaka 1635 huko Trier, baada ya kuambukizwa tauni akiwahudumia askari wagonjwa.

Kabla yake, huko Hispania, padre mwanasheria Alonso de Salazar Frías alikuwa mmoja wa mahakimu wa Inkwizisyo, mahakama ya Kanisa ya kuchunguza imani. Mwaka 1611 alitumwa kuzunguka vijiji vya Wabaski kuwapokea watu waliotaka kukiri uchawi. Walimjia zaidi ya watu 1,800, na zaidi ya 1,300 kati yao walikuwa watoto. Hakuwakatalia wala hakuwaamini haraka. Alilinganisha maelezo yao, akataka kuona mahali walipodai kukutana, akafanya dawa zilizodaiwa kuwa za kichawi zichunguzwe. Hakupata uthibitisho wa tendo hata moja la uchawi. Mwaka 1614 baraza kuu la Inkwizisyo lilitoa maagizo makali ya uangalifu, na hofu ile ikazimika.

Kwa hiyo, kijana Mkatoliki anaposoma historia hii anaikuta aibu yetu, na anawakuta pia watu wa kufuata.

Riwaya zenyewe zinafanya nini

Somo la historia linaweza kutoa takwimu tulizotoa hapa juu. Riwaya ina kazi nyingine. Katika maisha, mara nyingi tunasikia tuhuma kwanza, halafu ndipo tunamtazama mtuhumiwa, na tayari macho yetu yamekwisha kupakwa rangi. Riwaya nzuri hugeuza mpangilio huo. Tunamjua mtu kwanza: anavyopika, anavyocheka, anavyoongea na paka wake. Tuhuma inapofika tunaisikia kama walivyoisikia watu wa nyumbani kwake. Kijana aliyepitia hilo mara moja kitabuni amepata zoezi la dhamiri ambalo mahubiri ya dakika kumi hayawezi kumpa.

Mfano unaojulikana zaidi ni *The Witch of Blackbird Pond* cha Elizabeth George Speare, cha mwaka 1958. Kit, msichana wa miaka 16, anatoka kisiwa cha Barbados na kuhamia kwa shangazi yake Connecticut mwaka 1687. Huko anampata Hannah Tupper, mjane mzee anayeishi peke yake kando ya bwawa. Hannah ni wa dhehebu la Marafiki, lile lenye waumini wengi Kenya magharibi, na kwa ajili hiyo tu kijiji kinamtenga. Homa inapowashika watoto wa kijiji, watu wanatafuta wa kulaumiwa, wanakwenda usiku kuichoma nyumba ya bibi. Hannah anatoroshwa, na Kit anashtakiwa. Ushahidi mmojawapo ni daftari lililojaa jina la mtoto Prudence, linalodhaniwa kuwa la kumlogea. Kumbe ni mtoto mwenyewe aliyekuwa akijifunza kuandika, kwa sababu Kit alikuwa akimfundisha kwa siri. Kesi inageuka pale Prudence anaposimama na kuisoma Biblia mbele ya wote.

Wakatoliki tutaitambua hadithi hiyo. Katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, Susana anahukumiwa kufa kwa uongo wa wazee wawili walioheshimiwa, na anayemwokoa ni kijana. Danieli hakufanya muujiza. Aliwatenganisha mashahidi na kuwauliza swali moja dogo: mliwaona chini ya mti gani? Majibu yakapishana. Biblia yetu ilikuwa na simulizi la kesi ya uongo na kijana mwenye akili karne nyingi kabla ya riwaya hizi.

*A Break with Charity* cha Ann Rinaldi, cha mwaka 1992, kinakwenda mbali zaidi, nasi tunakipenda kwa sababu hiyo. Msimuliaji ni Susanna English, binti wa tajiri wa Salem. Anajua mapema kwamba wasichana wanaigiza, maana mmoja wao amemwambia. Lakini ametishwa kwamba akisema, wazazi wake watatajwa. Ananyamaza, na watu wanakufa. Hapo msomaji hawezi kukaa kwa raha upande wa wema. Anajiuliza: ningekuwa mimi, ningesema? Amri ya nane tunaifundisha kama katazo la kusema uongo. Riwaya hii inafundisha kwamba hata kunyamaza kuna wakati huwa ushahidi wa uongo.

Ann Petry, mwandishi Mmarekani mweusi, alimpa sauti yule mtumwa katika *Tituba of Salem Village* cha mwaka 1964. Anaonyesha jinsi mtu asiye na ndugu wala haki anavyokuwa wa kwanza kunyooshewa kidole. Kijana akikisoma aelezwe jambo moja: Petry anamwandika Tituba kama mwanamke mweusi, lakini kumbukumbu za mahakama zinamtaja kuwa mtu wa wenyeji wa asili wa Amerika. Kulitambua hilo ni sehemu ya kujifunza kusoma riwaya ya kihistoria, kujua wapi historia inaishia na ubunifu unaanzia.

Kitabu ambacho tungekiweka kando mpaka kijana akomae ni *Witch Child* cha Celia Rees, cha mwaka 2000. Kimeandikwa kwa ustadi na kinavuta sana. Bibi yake Mary ananyongwa Uingereza mwaka 1659, na Mary anavushwa kwenda Marekani huku akiandika habari zake kwa siri. Shida yetu ni kwamba kitabu kinamfanya Mary awe kweli na uwezo usio wa kawaida. Kwa hiyo washtaki wake ni wakatili, lakini hawajakosea kabisa. Hilo linawadhulumu wafu mara ya pili. Rebecca Nurse hakuwa mchawi mwema aliyeonewa. Hakuwa mchawi. Kijana anayefunga kitabu akidhani kwamba walionyongwa walikuwa na siri fulani ya nguvu, amejifunza kinyume cha kilichotokea.

Fasihi yetu ya Kiswahili nayo imeugusa uchawi mara nyingi, ila kwa kawaida uchawi huingia kama jambo lililopo tayari. Katika *Mirathi ya Hatari* ya C. G. Mung'ong'o (1977), kwa mfano, kijana anarithishwa uchawi na baba yake. Ni riwaya nzito na ina mahali pake. Tunachokosa ni riwaya ya vijana inayosimulia tuhuma yenyewe: ilianzia kwa nani, ilipitia midomo ya nani, na nani angeweza kuisimamisha.

Hoja zinazotupinga

Hoja ya kwanza ni kwamba kuzungumza habari za uchawi kunauchochea. Hatuipuuzi, kwa sababu Salazar mwenyewe aliona kitu kama hicho: aliandika kwamba hapakuwa na wachawi wala waliorogwa mpaka watu walipoanza kuzungumza na kuandika juu yao. Lakini tutazame ni mazungumzo gani yaliyoleta moto. Yalikuwa mahubiri na masimulizi juu ya mambo ambayo wachawi eti hufanya usiku: wanavyoruka, wanavyokutana, wanavyokula. Watoto walisikia, wakaota, wakasema wameona. Mazungumzo yaliyouzima moto yalikuwa ya namna nyingine: nani aliona, wapi, lini, na kwa ushahidi gani. Ndiyo maana kipimo chetu ni kitabu kinachosimulia mashtaka. Tena vijana wetu hawasubiri riwaya ili wasikie habari za uchawi. Wanazisikia kijiweni, kwenye filamu, na kwenye simu. Wanachokosa ni mtu wa kuwafundisha kuuliza kama Danieli.

Hoja ya pili: hadithi hizi zinalichafua Kanisa. Mtakatifu Yohane Paulo II, tarehe 12 Machi 2000, aliomba msamaha hadharani kwa dhambi za wana wa Kanisa, zikiwemo zile zilizotendwa kwa kisingizio cha kuutumikia ukweli. Baba Mtakatifu aliyefanya hivyo katika Misa hakuona kwamba ukweli unalichafua Kanisa. Kijana akifichwa mambo ya Würzburg akiwa na miaka 15, atayakuta akiwa chuoni na miaka 20, kutoka kwa mtu atakayemwambia habari ya Kramer bila kumwambia habari ya Spee.

Hoja ya tatu: Kanisa linafundisha kwamba shetani yupo, na Katekisimu namba 2116 na 2117 inakataza ramli na uchawi. Je, riwaya hizi hazimfundishi kijana kudharau mafundisho hayo? Hapana. Kuamini kwamba uovu upo ni jambo moja. Kuamini kwamba jirani fulani amefanya tendo fulani ni jambo jingine, na linahitaji ushahidi wake. Spee hakukana kuwepo kwa shetani. Alikana kwamba mahakama zile zilijua zinachodai kukijua. Na Katekisimu hiyo hiyo, namba 2477, inamhesabia hatia mtu anayeamini bila msingi wa kutosha kwamba jirani yake ana kosa la kimaadili. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba penye shaka tumfikirie mtu kwa upande wa wema, hata kama kwa kufanya hivyo tutakosea mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kwa kuwa kumdhania mabaya mtu mwema ni kumdhulumu. Ramli yenyewe, ambayo Kanisa linaikataza, mara nyingi ndiyo inayotaja jina la jirani. Anayemwamini mpiga ramli hajaukimbia uchawi. Ameufuata.

Kwa nini hapa kwetu

Tungeweza kuishia hapo kama suala lingekuwa la vitabu tu. Lakini kila tunapokwenda kwenye uchungaji wakati wa likizo, tunakutana na vijana wanaoishi karibu sana na Salem kuliko wanafunzi wa Marekani wanaosoma riwaya hizo shuleni. Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi, hali ni macho ya mtu aliyepika kwa kuni na samadi maisha yake yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa sababu ya maneno ya waganga. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, hata Katiba ya nchi hiyo ya mwaka 2006 ikalazimika kukataza kwa maneno waziwazi kumtuhumu mtoto uchawi. Dorothy Good angali nasi.

Na tukumbuke nani hubeba tuhuma. Kabla mpiga ramli hajaitwa, jina la bibi limekwisha kuzunguka. Watoto wanakatazwa kupita kwake, wanakatazwa kula anachowapa, nao wanaambiana kisimani na njiani kwenda shule. Hawana nia mbaya. Wanarudia waliyosikia nyumbani, kama Betty na Abigail walivyojibu swali waliloulizwa na wakubwa. Mtoto anaweza kuwa mlango wa tuhuma kuingilia. Prudence anatuonyesha kwamba anaweza pia kuwa mlango wa kuitolea nje.

Tufanye nini

Kwa walezi wa vijana wa VIWAWA na TYCS, na kwa wazazi wenye watoto wa sekondari, tunapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, someni pamoja. Nakala moja inaweza kusomwa kwa sauti, sura moja kwa wiki, na mlezi akaeleza kwa Kiswahili penye Kiingereza kigumu. Baada ya kila sura waulizwe vijana maswali matatu: nani amesema? aliona kwa macho yake au aliambiwa? nani ananufaika mtu huyu akiondoka? Swali la mwisho lina maana sana pale ambapo bibi mjane ana shamba.

Pili, anzeni na Danieli 13. Igizeni kesi ya Susana, vijana wenyewe wawe wazee, umati na Danieli. Aliyecheza umati aulizwe alijisikiaje kupiga kelele na wenzake.

Tatu, waandishi wetu waandike. Tunaomba riwaya ya vijana kwa Kiswahili juu ya Friedrich Spee, au juu ya Veronica Junius na barua ya baba yake. Na tunaomba zaidi riwaya inayotokea hapa kwetu, mwandishi akichunguza vizuri na kuficha majina ya familia zilizoumia. Mhusika mkuu asiwe shujaa tangu ukurasa wa kwanza. Awe mtoto wa kawaida anayemwogopa bibi wa jirani kwa sababu kila mtu anamwogopa, na kitabu kimpe nafasi ya kuvuka uzio na kumjua.

Tunajua riwaya haizuii panga. Wanaozuia panga ni majirani wanaokataa kutoka nje usiku ule, kiongozi wa jumuiya anayesimama mlangoni kwa bibi, polisi wanaofika kwa wakati. Lakini hao wote waliwahi kuwa watoto, na mahali fulani walijifunza kuuliza kabla ya kuamini, au hawakujifunza.

Historia ya Salem ina sura moja ya mwisho iliyoandikwa na vijana. Elizabeth Johnson, mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 22, alihukumiwa kifo mwaka 1693. Hakunyongwa, ila wengine walipoendelea kusafishwa majina yao katika karne zilizofuata, lake lilisahauliwa. Wanafunzi wa shule moja ya Massachusetts, wa umri wa miaka 13 na 14, wakiwa na mwalimu wao walichunguza habari zake, wakaandika barua kwa wabunge na kufuatilia mpaka mwaka 2022, bunge la jimbo lilipomtangaza kuwa hana hatia. Ilichukua miaka 329.

Mabibi wa vijijini kwetu hawana muda huo. Tuwape vijana hadithi hizi sasa, wakati yule anayesemwa vibaya angali hai na bado anaweza kuamkiwa shikamoo.